MAISHA YA DENIS PAPIN, MTU WA CHUNGU CHA MVUKE



Mu numero hii tunataka kuwaelezea maisha ya Denis Papin, Mfaransa na Mprotestanti, munganga kwa diploma lakini fundi kwa moyo. Wengi wetu tulisikia jina lake mu somo la fizika, dakika mbili tu, kisha somo likapita ku jambo lingine. Siye tunaona hiyo haitoshi. Mtu huyu alifanya chungu, na toka mu ile chungu kulitoka mambo mengi yanayotumika mu viwanda na hata mu jikoni ya mama zetu. Tena maisha yake yanasaidia kujibu swali moja ambalo ndugu zetu wa mekanike wanaulizaka kila mwaka: ile namba iliyopigwa ku chuma, 150, 300 ao PN 16, maana yake nini, na inahesabiwa namna gani?

1. UTOTO NA MASOMO

Denis Papin alizaliwa tarehe 22 ya mwezi wa nane, mwaka 1647, ku Chitenay, karibu na mji wa Blois, Ufaransa. Jamaa yake ilikuwa ya Waprotestanti, wale ambao Wafaransa waliwaita Huguenots. Wakati ule Waprotestanti walikuwa bado na ruhusa ya kusali, kwa sababu mfalme Henri IV aliwapa ruhusa hiyo kwa sheria ya Nantes, mwaka 1598. Lakini ruhusa ile ilikuwa inapunguka pole pole. Leo wanafunga hekalu moja, kesho wanakataza kazi fulani. Mtoto Papin alikomaa mu hali hiyo.

Alisoma unganga ku mji wa Angers, akapata diploma mwaka 1669. Kazi ya kutibu wagonjwa haikumshika sana. Yeye alipenda zaidi mashini, hewa, maji na moto. Akaenda Paris, na kule akawa musaidizi wa mtaalamu mkubwa Christiaan Huygens, mtu wa Uholanzi. Kazi yao ilikuwa kutoa hewa mu chombo kwa pampu, na kuangalia nini inatokea mahali hewa haiko. Mwaka 1674 Papin aliandika kitabu juu ya majaribio hayo. Ku Paris tena alijuana na Leibniz, Mdachi, mtu wa hesabu, na urafiki wao kwa barua uliendelea miaka mingi.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu bila jambo hili hatutaelewa yale yanayofuata. Hewa iko na uzito. Mahali pa chini, karibu na bahari, inasukuma kila santimeta mraba ya mwili wetu kwa nguvu ya karibu kilo moja. Nguvu hiyo tunaiita presha, na kadiri hiyo tunaiita bari moja. Hapa kwetu Lubumbashi tuko juu, karibu mita 1.200, basi hewa inasukuma kidogo zaidi. Njo sababu maji ya Bel-Air yanachemka mbele ya kufika digri 100, yanachemka ku digri 96 hivi. Mama anayepika maharagi juu ya mbabula analipa hiyo tofauti kwa makala.

2. CHUNGU

Mwaka 1675 Papin alivuka bahari, akaenda London. Kule alifanya kazi pamoja na Robert Boyle, mtaalamu wa hewa. Mwaka 1679 alionyesha mbele ya Royal Society, kile chama cha wataalamu wa Uingereza, chungu cha namna mpya. Mwaka 1680 wakamwingiza mu chama chao. Mwaka 1681 akachapisha kitabu juu ya chungu hicho.

Namna gani kilifanya kazi? Mu chungu cha kawaida mvuke unatoka, na maji hayawezi kupita digri 100 hata ukiongeza kuni namna gani. Papin alifunga kifuniko kwa skru, mvuke ukakosa njia. Mvuke uliofungwa unasukuma, na maji yaliyosukumwa hayachemki upesi, yanaendelea kupanda moto. Kama presha ya ndani inapita ile ya inje kwa bari moja, maji yanafika kadiri ya digri 120. Mu moto kama ule, mifupa migumu inakuwa laini, na nyama ya mnyama mzee inaiva kwa wakati mdogo. Papin alifikiri kama chungu hicho kitasaidia watu masikini, kwa sababu kinapunguza kuni na kinatoa chakula mu mifupa ambayo watu walikuwa wanatupa. Mwezi wa nne 1682 watu wa Royal Society walikula karamu nzima iliyopikwa mu vyungu vya namna hiyo, samaki na nyama, na mifupa yenyewe ililainika.

Lakini kufunga mvuke ni kufunga simba. Chungu kisichokuwa na njia ya kutokea, ukiongeza moto, siku moja kitapasuka na kuua mpishi. Papin alijua hiyo vizuri, na hapa tunaona ukubwa wake. Watu wengi wanamsifu kwa sababu ya kuvumbua chungu. Siye tunamsifu zaidi kwa sababu alikataa kuacha chungu bila kipimo. Alifanya mambo matatu.

La kwanza: alitoboa tundu ndogo ku kifuniko, akaiziba kwa kizibo, na juu ya kizibo akalaza fimbo ya chuma, na ku fimbo akatundika uzito. Mvuke ukipata nguvu kupita uzito, kizibo kinainuka, mvuke unatoka, chungu kinapona. Mafundi wetu wanaita kitu hiki supape. Lakini tuangalie vizuri: supape ya Papin ilikuwa mulinzi na mizani pamoja. Tuchukue mfano wetu sisi. Tundu iko na eneo la santimeta mraba moja. Uzito ni wa kilo 1, na fimbo inauzidisha mara 10. Basi kizibo kinabanwa kwa kilo 10, na siku kinapoinuka tunajua kama mvuke wa ndani umefika karibu bari 10 kupita hewa ya inje. Hakuna haja ya kubahatisha. Kiasi cha presha kimeandikwa ku uzito.

La pili: alipima moto. Ku kifuniko alifanya shimo kadogo, anatia ndani tone moja la maji, kisha anahesabu mara ngapi uzito uliotundikwa ku uzi wa futi 3 hivi unaenda na kurudi mpaka tone likauke. Tone likikauka upesi, moto ni mwingi. Likikawia, moto ni kidogo. Ku wakati ule termometa za kuaminika hazikukuwa, lakini yeye hakusema kama moto haupimike. Alitafuta njia mu vitu alivyokuwa navyo.

La tatu: alichunga sana mahali kifuniko kinapokutana na chungu. Chuma kizima hakivuji. Kinachovuja ni maungio. Njo sababu ya zile skru zilizokaza kifuniko. Mtu aliyeona bridi leo, yaani ile sahani ya chuma yenye matundu ya buloni iliyo ku mwisho wa bomba, na ndugu zetu wa mashariki wanaiita flanji, anaweza kumtambua babu yake mu chungu cha Papin: sura mbili za chuma zinazobanana, na skru zinazokaza.

Presha, moto, maungio. Mutunze maneno haya matatu, tutayarudilia.

3. MKIMBIZI

Papin alikaa pia miaka kadhaa ku Venice, Italia, akarudi London mwaka 1684, na Royal Society wakampa kazi ya kutayarisha majaribio. Mshahara ulikuwa mdogo.

Mwaka 1685, mwezi wa kumi, mfalme Louis XIV alifuta sheria ya Nantes. Hekalu za Waprotestanti zikabomolewa, wachungaji wakafukuzwa, watoto wakalazimishwa kubatizwa mu dini ya mfalme. Watu zaidi ya mia moja elfu walitoroka nchi, usiku, kwa miguu ao mu mashua, na waliokamatwa walitiwa mu kifungo ao walipelekwa kuvuta makasia ya meli. Papin alikuwa tayari inje. Toka siku ile njia ya kurudi kwao ilifungwa, labda akane imani yake. Hakuikana. Mlango wa nyumba ya baba yake ulifungwa nyuma yake kwa maisha yote.

Karl, mtawala wa Hesse-Kassel mu Ujerumani, alikuwa mtu wa Kanisa la Matengenezo, na aliwafungulia wakimbizi wale nchi yake. Mwisho wa 1687 alimwita Papin kufundisha hesabu ku universite ya Marburg. Papin alikuta kule watu wa jamaa yake waliotoroka kama yeye. Mwaka 1691 alioa binamu yake Marie, mjane mwenye mtoto mwanamke. Toka pale alikuwa na jamaa ya kulisha, na mshahara wa mwalimu haukutosha. Walimu wetu watamwelewa.

4. MVUKE UNAOFANYA KAZI

Ku Marburg, mwaka 1690, Papin alichapisha andiko fupi lililobadilisha dunia, hata kama dunia haikujua ile siku. Alitia maji kidogo mu bomba la chuma lililosimama, na juu yake pistoni. Akawasha moto: maji yakawa mvuke, pistoni ikapanda. Akaondoa moto: mvuke ukarudi kuwa maji, ndani pakabaki patupu, na hewa ya inje ikasukuma pistoni chini kwa nguvu. Bomba lenye upana wa inchi 2 na nusu liliinua uzito wa paundi 60. Hiyo njo ilikuwa kanuni ya mashini za mvuke za kwanza. Papin aliandika pia kama nguvu ile inaweza kutoa maji mu migodi na kusukuma mashua bila tanga.

Kisha akahamia Kassel, karibu na mtawala wake. Mwaka 1705 Leibniz alimtumia picha ya mashini ya Mwingereza Thomas Savery, iliyoinua maji kwa mvuke. Papin akajenga ya kwake. Mwaka 1706 waliijaribu mbele ya mtawala. Mvuke ulisukuma maji mu bomba refu lililopanda juu, bomba la vipande vingi vilivyounganishwa. Na jambo gani lilitokea? Maungio yalivuja. Maji yakatoka ku kila mahali kipande kilipokutana na kingine. Watu waliona kama kazi imeshindwa, lakini Papin aliomba waendelee, na mwishowe maji yalifika juu. Mashini ilikuwa na nguvu ya kutosha. Bomba njo halikukuwa na maungio ya kulingana na nguvu ile. Mtu aliyegundua chungu cha presha alikuta adui yake wa zamani akimungojea mahali pale pale.

Mwaka 1707 alichapisha kitabu juu ya mashini hiyo. Mwaka ule ule, mwezi wa kenda, alipakia jamaa yake na vitu vyake mu mashua aliyoijenga, yenye magurudumu ya kupiga maji pembeni. Alitaka kushuka mto Fulda mpaka bahari, kisha Uingereza. Watu wanaelezaka kama mashua ile ilisukumwa kwa mvuke. Hapana: magurudumu yale yalizungushwa kwa mikono, na Papin alitaka kutia mashini ya mvuke kiisha kufika London. Haikufika. Ku mji wa Münden, chama cha wenye mashua, ambao peke yao walikuwa na haki ya kupita ku mto ule, walikamata mashua na kuivunja.

5. MWISHO WAKE

Papin alifika London bila mashua. Marafiki wake wa zamani, Boyle na wengine, walikuwa wamekufa. Rais wa Royal Society alikuwa Isaac Newton. Papin aliomba feza ya kujenga mashini yake, akasoma maandiko mbele ya chama, akaandika barua, akalipwa kidogo kidogo. Barua yake ya mwisho inayojulikana ni ya mwanzo wa 1712. Kwa muda mrefu watu hawakujua alikufa wapi. Leo tunajua kama daftari ya kanisa la St Bride's, London, iliandika maziko yake tarehe 26 ya mwezi wa nane 1713, siku nne baada ya siku aliyotimiza miaka 66.

Mwaka 1712, wakati yeye angali hai mu umasikini, Mwingereza Thomas Newcomen alisimamisha mashini kubwa ya mvuke na pistoni ya kutoa maji mu mgodi wa makala, karibu na Dudley. Mvuke ndani, baridi, pahali patupu, hewa inasukuma: kanuni ile ile ya 1690. Mji wa Blois ulimjengea Papin sanamu mwaka 1880. Alikuwa amekaa mu udongo miaka 167.

6. WALE WALIOSAHAU MIZANI

Baada ya Papin watu walijenga mashini kubwa zaidi na zaidi. Mvuke ulivuta treni. Ni treni ya mvuke iliyofika hapa kwetu mwaka 1910, wakati mji ulikuwa unaitwa Elisabethville, na mwaka uliofuata tanuru ya kuyeyusha shaba ikaanza kazi. Lakini watu walichukua chungu cha Papin na wakasahau mizani yake. Wengine waliongeza uzito ku supape ili mashini ikimbie. Wengine waliifunga kwa kamba. Wengine walinunua chuma kibaya na kukipaka rangi nzuri. Ku Marekani peke yake, tangi za mvuke zilikuwa zinapasuka kila mwaka kwa mamia. Tarehe 20 ya mwezi wa tatu 1905, ku Brockton, jimbo la Massachusetts, tangi la mvuke la kiwanda cha viatu lilipasuka asubuhi, jengo likaanguka na kuwaka moto, watu 58 wakafa.

Toka ile kifo jimbo lile lilitunga sheria ya tangi za mvuke mwaka 1907, na mwaka 1914 chama cha mainjinia mekanike wa Marekani, ASME, kilikubali kanuni zake za kwanza, zikachapishwa 1915. Mu miaka ile ile walianza kutunga kanuni za bridi, ili kila mtu ajue sahani gani inabeba presha gani. Kanuni hizo leo zinaitwa B16.5.

7. SASA ILE NAMBA

Tuje ku swali letu. Bridi imeandikwa 150. Wengi wanafikiri kama inabeba kitu 150, paundi ao kilo, basi. Zamani, kweli, namba zile zilitoka ku paundi za mvuke. Leo 150, 300, 600 ni majina ya madarasa, sawa na darasa la tatu na la sita ku masomo. Ili kujua bridi ya darasa fulani inabeba nini, lazima kuuliza maswali mawili: imefanywa na chuma gani, na itafanya kazi mu moto wa digri ngapi? Presha bila moto haina jibu. Papin alipima vyote viwili juu ya kifuniko kimoja.

Hesabu yenyewe haiko ngumu. Kila chuma kina mahali ambapo, ukikivuta kupita pale, hakirudi tena mu umbo lake. Chuma cha kawaida cha bridi kinafika pale ku megapaskali 248 hivi, kikiwa baridi. Wenye kanuni hawachukui yote. Wanachukua sehemu 60 kwa 100, ni kusema 149. Wanaangalia tena nguvu ya kukatika kwake, na mu moto mkali wanaangalia kama chuma kinanyoka pole pole mwaka ku mwaka bila kukatika. Kati ya hesabu hizo zote wanashika ile iliyo ndogo. Kisha wanazidisha kwa namba ya darasa, wanazidisha kwa 10, wanagawanya kwa 8.750, na jibu linatoka mu bari. Tufanye kwa darasa la 300: 149 mara 300, mara 10, gawanya kwa 8.750. Tunapata 51,1. Angalieni mu tablo ya mainjinia, mutakuta bari 51,1 mpaka digri 38. Darasa la 150 wamelibana zaidi: mu hesabu wanatia 115 pahali pa 150, na inatoka bari 19,6.

Lakini moto ukipanda, chuma kinapunguka nguvu. Bridi ile ile ya darasa la 150, chuma cha kawaida:

mpaka digri 38: bari 19,6
digri 100: bari 17,7
digri 200: bari 13,8
digri 300: bari 10,2
digri 400: bari 6,5

Muone vizuri. Chuma hakikubadilika kwa macho, rangi ni ile ile, namba iliyopigwa ni ile ile. Hata hivi, ku digri 400 kinabeba theluthi moja tu ya kile kilichobeba mu baridi. Fundi anayesoma 150 na kusahau moto anaweka maisha ya wenzake juu ya nusu ya habari.

Tena bridi haifanyi kazi peke yake. Iko na buloni, na kati ya sura mbili iko jointi. Ukiweka jointi ya kaushu isiyovumilia moto kati ya bridi mbili nzuri, maungio yote yanachukua nguvu ya kaushu. Mzigo unapimwa kwa mbebaji aliye mzaifu kupita wote.

Kuna pia namna ya Ulaya, inayoandikwa PN. PN 16 inabeba bari 16 mu moto wa kawaida, na hapo pia moto ukipanda presha inashuka. Fundi asijaribu kuoa namna hizi mbili kwa nguvu. Bridi ya bomba la milimeta 100, PN 16, na ile ya darasa la 150, zote ziko na matundu 8, na kwa mbali zinafanana kama mapacha. Lakini ku moja duara la matundu liko na upana wa milimeta 180, ku ingine 190,5. Mwenye kupanua matundu kwa moto ili buloni ziingie, huyo amefuta namba yote.

Mwishoni, kazi iliyounganishwa inajaribiwa mbele ya kutumika. Wanaijaza maji baridi, wanasukuma mpaka mara moja na nusu ya presha ya mu baridi. Kwa bari 19,6 inafika 29,4, wanapandisha mpaka 30. Kwa nini maji, wala si hewa? Kwa sababu maji hayabanwi kirahisi, basi hayatunzi nguvu nyingi ndani. Kitu kikipasuka, maji yanamwagika na presha inaanguka mara moja. Hewa iliyobanwa inaruka sawa na bomu.

8. FUNDISHO

Ndugu, maisha haya yanatufundisha nini? Bwana Yesu, mu Injili ya Luka sura ya 14, alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, na anayepaswa kwanza kuketi na kuhesabu. Papin alihesabu mbele ya kuwasha moto. Watu wa Brockton walikufa miaka 224 baada ya kitabu chake cha supape kutoka. Akili ilikuwako toka zamani. Iliyokosekana ni sheria ya kumlazimisha kila mtu aitumie.

Wengi kati yetu, tukimaliza masomo, tutaenda ku migodi, ku viwanda, ku ateliye za hapa Kampemba na mbali zaidi. Siku moja mkubwa wa kazi atasema tuongeze presha kidogo, tufunge supape mpaka saa ya kutoka, tutie buloni sita pahali pa nane, hakuna atakayeona. Ile siku diploma haitasema kitu. Atasema yule anayeijua namba, anayejua inatoka wapi, na ambaye haogopi kuonekana mgumu. Papin alipoteza nchi yake kwa sababu hakukubali kusema kitu asichoamini mbele ya mfalme. Kukataa kusema kama chuma kinabeba kile kisichobeba ni tawi la mti ule ule.

Zoezi kwa wanaopenda hesabu: tafuteni presha ya bridi ya darasa la 600, chuma kile kile, mu baridi. Mukipata bari 102 na kitu kidogo, mumefanya vizuri. Kisha muulize mwalimu ya digri 400, na mutafute sababu kwa nini jibu lake ni dogo.